UKIMWI: Kimya Kingi Kina Mshindo Mkuu

Zipo fikra ambazo jamii huzing'ang'ania kwa muda mrefu hata baada ya elimu kuzibatilisha, na mojawapo ni ile inayotufanya tuamini kwamba mtu mwenye virusi vya UKIMWI hujulikana kwa kumtazama. Fulani amenawiri, kwa hiyo hana. Fulani amekonda, kwa hiyo anao. Maneno haya husemwa maofisini wakati wa chai, na husemwa katika vyumba vya walimu. Wanaoyasema ni watu waliosoma, ambao kama wangeulizwa swali hilo katika mtihani wangejibu bila kusita kwamba ugonjwa huu hautambuliwi kwa macho.

Fikra hiyo haikuzuka bure. Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa katika nchi yetu walikuwa watatu, katika Mkoa wa Kagera, mwaka 1983. Wananchi wa huko, ambao hawakujua bado ni maradhi gani, waliyaita "Juliana", kwa jina la nguo iliyokuwa ikiuzwa katika biashara ya mpakani siku zile. Ng'ambo ya pili, Uganda, watu waliyaita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Katika nchi zote mbili ugonjwa ulipewa sura ya mtu aliyekwisha nyama, mwenye kuhara kusikokoma, homa za kila mara na mabaka ya ngozi. Sura hiyo ndiyo iliyochorwa kwenye mabango, na ndiyo iliyoingia katika vichwa vya kizazi kizima.

Lakini ile ilikuwa sura ya mwisho wa ugonjwa. Elimu tuliyo nayo leo inatuambia kwamba mtu asiyepata tiba huchukua miaka mingi tangu siku ya kuambukizwa hadi siku ya kulala kitandani. Kwa hiyo walio wengi kati ya watu walioonekana wakidhoofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wameambukizwa katika miaka ya 1970, wakati ambapo hakuna daktari yeyote duniani aliyejua kwamba ugonjwa huu upo. Ripoti ya kwanza ya kitabibu juu yake, iliyohusu vijana watano wa Los Angeles huko Marekani, ilitolewa tarehe 5 Juni 1981. Wakati ripoti hiyo inaandikwa, maelfu ya watu katika mwambao wa Ziwa Victoria walikuwa wakilima, wakifundisha, wakioa na kuzaa, na virusi vilikwisha kuwamo ndani ya damu yao.

Hoja ya makala haya ni kwamba mtu hawezi kujikinga, kujitibu wala kuwatendea haki wenzake ikiwa hajui jinsi ugonjwa huu unavyotembea tangu siku ya kwanza. Tumefundishwa vya kutosha jinsi virusi vinavyoingia mwilini. Hatukufundishwa vya kutosha jinsi vinavyofanya kazi baada ya kuingia, na hasa vinafanya nini katika ile miaka ambayo mtu anajiona mzima. Pengo hilo la elimu ndilo linalowachelewesha wengi kupima, na ndilo linalowafanya wengine waache dawa.

Tuanze na siku za mwanzo. Virusi vinapopenya mwilini, kwa kawaida kupitia ngozi laini ya sehemu za siri, havionekani katika damu mara moja. Kwa muda wa siku kumi hivi vinajijenga katika chembe za mahali vilipoingilia na katika matezi yaliyo karibu. Chembe vinazozitafuta ni aina ya chembe nyeupe za damu ambazo wataalamu huziita CD4. Hizi ndizo zinazotoa amri kwa askari wengine wote wa mwili. Zikifa, jeshi zima hubaki bila kamanda. Kirusi huingia ndani ya chembe hiyo, hujipachika katika asili yake, na kuigeuza kuwa kiwanda cha kuzalisha virusi wengine.

Baada ya hapo mambo huenda kwa kasi ya kutisha, na kasi hiyo ilipimwa hapa hapa kwetu. Kati ya mwaka 2009 na 2015, watafiti waliwafuatilia watu 2,276 ambao hawakuwa na virusi lakini waliishi katika mazingira ya hatari kubwa ya kuambukizwa. Kazi hiyo ilifanyika Mbeya katika Tanzania, Kericho katika Kenya, Kampala katika Uganda, na pia katika nchi ya Thailand. Washiriki walitoa tone la damu kidoleni mara mbili kwa wiki, ili kwamba yeyote atakayeambukizwa ajulikane ndani ya siku chache. Watu 112 waliambukizwa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba wingi wa virusi hufika kileleni siku 13 hivi tangu virusi vionekane katika damu kwa mara ya kwanza, na kwamba kwenye kilele hicho mililita moja ya maji ya damu huwa na nakala za virusi zipatazo milioni 5. Kisha kinga ya mwili huamka na kupigana, na ilipofika siku ya 31 hivi wingi huo ulikuwa umeshuka hadi makumi elfu.

Je, mtu mwenye virusi milioni 5 katika kila mililita hujisikiaje? Hapa ndipo penye mtego. Vitabu vinasema kwamba kati ya wiki ya pili na ya nne wengi hupata homa, maumivu ya koo, vipele, uchovu na kuvimba kwa mitoki. Lakini wale waliofuatiliwa kwa karibu namna hiyo walionekana kuwa na dalili chache tu, na zilizokuwapo zilijitokeza karibu na siku za kile kilele kisha zikapita. Katika nchi yenye malaria, nani atakayeishangaa homa ya siku tatu? Mtu hununua dawa ya maumivu dukani, hulala mapema, na Jumatatu hurudi kazini akiwa amepona. Kwa maoni yake ametoka katika homa ya kawaida, kumbe amepita katika vita vikubwa kuliko vyote ambavyo mwili wake utavipigana kwa miaka mingi. Ndani ya wiki hizo chache sehemu kubwa ya chembe za CD4 zilizomo katika kuta za utumbo huwa imekwisha kuangamizwa.

Kuna jambo lingine la kuhuzunisha katika kipindi hicho. Kipimo cha haraka kinachotumika katika vituo vyetu hutafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, nazo huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Watumishi wa afya hukiita kipindi cha dirisha. Ndiyo sababu mtu aliyepima mapema mno hushauriwa arudi tena, na ndiyo sababu jibu la leo haliwezi kumsafisha mtu kwa jambo la wiki iliyopita. Lakini wakati kipimo hakioni kitu, mtu huyo anaweza kuambukiza kuliko wakati mwingine wowote. Katika Wilaya ya Rakai nchini Uganda, inayopakana na Kagera yetu, watafiti waliwafuatilia wanandoa ambao mmoja alikuwa na virusi na mwenzake hana. Matokeo yao ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba katika miezi ya mwanzo uwezekano wa kuambukiza kwa tendo moja ulikuwa mkubwa zaidi ya mara kumi ukilinganishwa na miaka ya katikati ya ugonjwa. Basi anayemchagua mwenzi kwa kuangalia afya ya mwili anaweza kumchagua mtu huyo huyo aliye katika wiki za hatari kuliko zote.

Baada ya vurugu hiyo ya mwanzo vita hutulia. Wingi wa virusi hubaki katika kiwango fulani ambacho hutofautiana baina ya mtu na mtu, na kiwango hicho kina maana kubwa. Mwaka 1996 John Mellors na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, walionyesha kwamba kadiri kilivyo juu ndivyo mtu anavyokaribia kuugua na kufa mapema ikiwa hatatibiwa. Kwa maneno mengine, mkondo wa ugonjwa wote huanza kuamuliwa katika miezi michache ya mwanzo, wakati mhusika hana habari kabisa.

Ndipo inapoingia ile miaka ya kimya. Mtu anakula, analala, anafanya kazi na kupandishwa cheo. Kwa muda mrefu hata madaktari walidhani kwamba katika miaka hii virusi vimelala. Haikuwa hivyo. Mwaka 1995 makundi mawili ya wanasayansi wa Marekani, moja likiongozwa na David Ho na lingine na George Shaw, yalipima yanayotokea mwilini mara virusi vinapozuiwa kwa dawa mpya. Waligundua kwamba vile vinavyoonekana katika damu leo karibu vyote vimezaliwa siku chache zilizopita. Hesabu iliyofuata mwaka 1996 ilionyesha kwamba mwili wa mgonjwa asiyetibiwa huzalisha virusi wapatao bilioni 10 kila siku, na huku mwili nao ukitengeneza chembe mpya za CD4 ili kufidia zinazokufa. Kinachoonekana kwa nje kuwa amani ni mizani ya majeshi mawili yanayouana kila siku kwa nguvu zinazokaribiana.

Mizani hiyo haidumu. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe za CD4 kati ya 500 na 1,500 hivi katika tone dogo la damu ambalo ni sehemu moja ya elfu ya mililita. Mwaka baada ya mwaka hesabu hiyo hupungua kama nguzo za nyumba zinavyoliwa na mchwa: ukuta umesimama, rangi inang'aa, na mwenye nyumba anakaribisha wageni. Zikishuka chini ya 200, maradhi ambayo mwili ulikuwa ukiyazuia bila taabu hupata njia. Kifua kikuu, ambacho kwa kweli huanza kunyemelea hata kabla ya hapo, ndicho kinachoua kuliko mengine. Huja pia homa ya mapafu, homa ya uti wa mgongo inayoletwa na ukungu, utando mweupe mdomoni na kooni, na saratani za aina yake. Hapo ndipo majirani husema kwamba fulani "ameupata". Wasemacho ni kweli, ila wamechelewa kwa miaka kumi.

Miaka kumi si neno la kukisia. Kusini-magharibi mwa Uganda, katika vijiji vya Masaka, watafiti waliwafuatilia watu kwa muda mrefu katika siku ambazo dawa hazikuwapo bado vijijini. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2002, yalionyesha kwamba nusu ya walioambukizwa walifikia hali ya UKIMWI katika muda wa miaka 9.4, na kwamba nusu walikuwa wamefariki ilipofika miaka 9.8. Muda huo unakaribiana na ule uliopatikana katika nchi tajiri kabla ya dawa kupatikana. Hivyo ile kauli iliyokuwa ikisemwa, kwamba mwili wa Mwafrika hauwezi kabisa kuhimili virusi hivi, ilionekana kuwa haina msingi. Tofauti kubwa baina yetu na wao ilikuja baadaye, pale dawa zilipopatikana kwao kuanzia mwaka 1996 wakati sisi tulisubiri hadi mwaka 2004 kuanza mpango wa taifa wa kuzitoa.

Yafaa msomaji azingatie pia kwamba huo ni wastani, na wastani hauahidi mtu yeyote kitu. Aliyeambukizwa akiwa na umri mkubwa huugua mapema kuliko kijana. Aina za virusi zinazoenea Afrika Mashariki hazilingani kwa ukali, na ile iitwayo aina D imeonekana kuwafikisha watu katika ugonjwa kwa haraka zaidi kuliko aina A. Wapo watu wachache sana, pungufu ya mmoja katika mia, ambao miili yao huvidhibiti virusi bila dawa kwa miaka mingi. Na wapo walio na bahati mbaya kuliko wote, watoto wachanga walioambukizwa na mama zao, ambao kinga yao haijakomaa: wasipotibiwa, nusu yao hufariki kabla ya kutimiza miaka 2. Hakuna anayeweza kujitazama kwenye kioo akajua yuko katika kundi lipi.

Sasa tuje kwenye swali ambalo wengi huliuliza, na ambalo linastahili kujibiwa kwa heshima. Ikiwa mtu ana nguvu zake, anafanya kazi zake, na anaweza kuishi miaka mingi bila kuugua, kwa nini asumbuliwe na vidonge? Kwa nini asiachwe mpaka aanze kuumwa?

Swali hili zamani liliulizwa hata na madaktari wenyewe, na taratibu za tiba zilifuata mawazo hayo. Mgonjwa aliambiwa asubiri mpaka chembe zake zishuke chini ya 200, baadaye 350, kisha 500. Jibu la mwisho lilipatikana mwaka 2015, katika utafiti uliowahusisha watu 4,685 wa nchi 35, wote wakiwa na chembe zaidi ya 500, yaani watu ambao kwa macho ya kila mtu walikuwa wazima. Nusu walianza dawa mara moja na nusu walisubiri. Utafiti ulilazimika kutoa majibu yake kabla ya muda uliopangwa, kwa sababu wale walioanza mapema walikuwa wamepungukiwa na hatari ya kuugua vikali au kufa kwa asilimia 57. Kabla ya hapo, mwaka 2011, utafiti mwingine wa wenzi zaidi ya 1,700 ulikuwa umeonyesha kwamba tiba ya mapema hupunguza uambukizaji kwa mwenzi kwa asilimia 96. Tangu mwaka 2016 utaratibu wa Tanzania ni kwamba kila anayekutwa na virusi aanzishiwe dawa, hata kama hesabu ya chembe zake ni kubwa. Kwa hiyo anayesema "nitaanza nikiugua" anaishi kwa kanuni iliyokwisha kufutwa.

Dawa zenyewe kwa Kiswahili zimepewa jina zuri, dawa za kufubaza virusi. Kufubaza ni kufifisha makali, si kung'oa. Katika siku za mwanzo kabisa baadhi ya virusi hujificha ndani ya chembe zilizolala, mahali ambapo dawa haziwafikii. Mtu anapozitumia ipasavyo, virusi katika damu hupungua hadi kipimo kisiweze kuvihesabu, kinga yake hujijenga upya, na akidumu katika hali hiyo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Akiziacha, wale waliojificha huamka, na kwa kawaida katika muda wa wiki chache tu vita vyote huanza tena.

Ubaya ni kwamba kuacha nako huanza kwa kimya. Mwaka 2006 utafiti wa watu zaidi ya 5,400 ulisimamishwa baada ya kuonekana kwamba wale waliokuwa wakiacha dawa kwa vipindi walikuwa na hatari ya kuugua au kufa zaidi ya mara mbili ya wale walioendelea. Lakini siku ile mtu anapoziacha haumwi, na pengine hujiona mwepesi zaidi. Tuliyaona haya mwaka 2011, maelfu ya wananchi walipomiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Wapo waliotupa vidonge vyao kisha wakatangaza kwamba wamepona, na hawakuwa waongo, maana kweli walijisikia wazima. Uzima huo ulikuwa wa dawa walizokwisha kuzimeza. Ulipokwisha, hapakuwa na umati wa kuwatazama wakirudi hospitalini.

Ndugu msomaji, tuiangalie hali ilivyo katika nchi yetu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wenye virusi, asilimia 82.7 walikuwa wakijua hali zao. Kati ya hao wanaojua, asilimia 97.9 walikuwa wakitumia dawa, na kati ya wanaotumia, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Nani angeyaamini matokeo hayo mwaka 1999, Rais Mkapa alipoutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa? Ni kazi ya wauguzi, ya wahudumu wa vijijini, na ya watu wenyewe wanaoishi na virusi.

Lakini tuzisome takwimu hizo kama watu wazima. Anayejua hutibiwa, na anayetibiwa hufanikiwa. Pengo kubwa lililobaki liko mwanzoni, katika wale 17 kati ya kila 100 ambao hawajui. Uchunguzi huo huo ulikadiria kwamba watu wazima wapatao 60,000 huambukizwa kila mwaka. Watu hawa hawako wodini. Wako katika miaka ya kimya, wakiwa na nguo safi na miili yenye nguvu, na bila shaka baadhi yao wanasoma gazeti hili wakiwa mezani pao kazini. Mtumishi wa serikali na mwalimu wana hatari yao ya pekee hapa. Anayejulikana na kila mtu katika mji mdogo huogopa kuonekana kwenye foleni ya kituo, na mwenye elimu hujiona kuwa ugonjwa ni habari ya wengine anaowahutubia. Heshima ya namna hiyo humgharimu mtu ile miaka ambayo tiba ingemfaa kuliko yote.

Wala hakuna tena udhuru wa kutosha. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya mtu yawe siri yake, na inakataza unyanyapaa na ubaguzi. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu ajipime mwenyewe, na akikuta dalili ya maambukizi aende kituoni kuthibitisha. Aliyekumbana na hatari usiku wa jana anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi, mradi afike kituoni kabla ya saa 72 kupita, na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Kwa watu wazima walio wengi tiba yenyewe siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku.

Yapo basi mambo ambayo wasomaji wa ukurasa huu wanaweza kuyatenda bila kungoja waraka wowote. Mkuu wa idara anaweza kumruhusu mtumishi wake kwenda kliniki bila kumhoji anaumwa nini. Mwalimu wa bweni anaweza kuhakikisha kwamba mwanafunzi aliyezaliwa na virusi anapata mahali pa faragha pa kumezea kidonge chake, maana mtoto anayelazimika kuvificha vidonge vyake chini ya godoro ipo siku ataviacha. Mwalimu wa sayansi anaweza kuwafundisha vijana mwendo mzima wa ugonjwa, wiki kwa wiki na mwaka kwa mwaka, badala ya kuwatisha kwa picha ya mtu aliyekonda, kwa sababu kijana hamkuti mtu huyo mtaani na kwa hiyo huona kwamba hatari haipo. Na sisi sote tunaweza kuacha yale maongezi ya wakati wa chai. Kila tunapompima mtu kwa unene wake tunamwambia mwenzetu aliyeambukizwa mwezi uliopita kwamba hana haja ya kupima, na tunamwambia yule aliyekonda kwa kisukari kwamba tumekwisha kumzika.

Taifa nalo lina somo lake katika mwendo huu wa ugonjwa. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, huduma za UKIMWI katika nchi nyingi za Afrika zilitikisika. Virusi havisubiri mazungumzo ya wafadhili. Dawa zikikosekana kwa miezi michache, madhara yake hayataonekana katika takwimu za mwaka huo. Yataonekana baadaye, wodini. Kwa hiyo bajeti ya dawa hizi haifai kupimwa kwa idadi ya wagonjwa wanaoonekana leo. Ipimwe kwa idadi ya watu wazima wenye nguvu ambao wataendelea kuwa wazima kwa sababu dawa hazikukatika, na fedha zake hatuna budi kuzitafuta zaidi na zaidi humu humu nchini.

Tangu Uhuru tumekuwa tukiwataja maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Katika UKIMWI wawili wa kwanza wamefungamana, kwa kuwa maradhi haya huishi kwa kutojulikana. Wazee wetu walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo huu tunaweza kuuzuia, lakini tu ikiwa tutakwenda kupima tukiwa tungali wazima, na tukaanza dawa siku ile ile tunapoambiwa.